Mama Katika Kitabu cha Picha: Kisa cha Kiboko wa Malindi na Safari Yake Katika Fasihi ya Watoto, 2004–2007

Katika miaka ya 2006 na 2007 vilitoka nchini Marekani vitabu vitatu vya picha kwa ajili ya watoto wadogo, vyote vikisimulia kisa kimoja cha pwani ya Kenya. Ni kisa cha mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na mama yake wakati wa tsunami, akapelekwa Bamburi karibu na Mombasa, na huko akamng'ang'ania kobe mkubwa aliyekwisha kula chumvi nyingi. Kitabu cha kwanza, *Owen & Mzee: The True Story of a Remarkable Friendship*, kiliandikwa na Isabella Hatkoff, Craig Hatkoff na Paula Kahumbu, kikapambwa kwa picha za Peter Greste. Cha pili, *Mama*, ni kazi ya Jeanette Winter, aliyeandika na kuchora mwenyewe. Cha tatu, *A Mama for Owen*, kiliandikwa na Marion Dane Bauer na kuchorwa na John Butler. Tofauti kubwa kati ya vitabu hivi inahusu swali moja: kobe yule alikuwa nani kwa mtoto yule? Kitabu kimoja kinajibu kwamba alikuwa rafiki. Viwili vinajibu kwamba alikuwa mama.

Makala haya yanafuatilia jinsi kisa kimoja kilivyozaa majibu hayo mawili katika muda usiofika miaka mitatu. Yanashikilia kwamba utashi wa waandishi hautoshi kueleza tofauti hiyo. Chombo walichotumia, yaani kamera au brashi, kilichangia, na lugha waliyoandikia ilichangia zaidi. Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa maneno mawili yanayobeba vitabu hivi, *mzee* na *mama*, ni maneno ambayo mtoto wa Malindi anayajua kabla hajaanza shule, ilhali vitabu vyenyewe vilitoka kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya soko la mbali.

Tukio na mahali pake

Mto unaoanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu za Kenya huitwa Galana katikati ya safari yake, na unapokaribia kuingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi huitwa Sabaki. Mwishoni mwa mwaka 2004 kundi la viboko lilikuwa limeteremka na maji ya Sabaki hadi ufukweni. Tarehe 26 Desemba tetemeko la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, na mawimbi yaliyotokana nalo yakaua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Afrika Mashariki iliguswa kwa kiasi kidogo ikilinganishwa na Indonesia au Sri Lanka, ingawa Somalia ilipoteza mamia ya watu. Ufukwe wa Malindi ulivurugika. Siku iliyofuata mtoto mmoja wa kiboko alionekana amekwama kwenye mwamba wa bahari, peke yake.

Wavuvi, wenyeji na wageni walishirikiana kumwokoa kwa nyavu. Kazi haikuwa nyepesi, kwa sababu mtoto huyo alikuwa na uzito wa karibu kilo 300, mwili wake ulikuwa na utelezi, naye alikuwa na hofu. Alipewa jina la Owen, jina la mmoja wa watu waliomkamata, kisha akasafirishwa kwa gari hadi Haller Park huko Bamburi.

Mahali hapo pana historia inayostahili kukumbukwa, kwa kuwa vitabu vya watoto havina nafasi ya kuieleza. Haller Park ni machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa yaliyokuwa yakitumiwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika ardhi hiyo iliyobaki mwamba mtupu, yenye maji ya chumvi, isiyo na udongo. Miti iliyostahimili zaidi ilikuwa mivinje. Majani yake makavu hayakuoza kwa urahisi, mpaka yalipoletwa majongoo ambayo yaliyala na kuyageuza kuwa mboji. Msitu uliopo leo umesimama juu ya kazi ya majongoo hao. Kwa hiyo yatima wa Sabaki alipelekwa mahali palipokuwa pamejaribu kwa zaidi ya miaka thelathini kurudishiwa uhai uliochimbwa ukaondolewa.

Miongoni mwa wanyama waliokuwapo alikuwamo kobe dume wa aina ya kobe wakubwa wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, na ambaye walinzi walimwita Mzee. Owen alipofunguliwa alimkimbilia na kujificha nyuma yake. Mzee alitoa sauti ya kukemea, akajiondoa. Mtoto akamfuata tena. Kulipokucha walikutwa wamelala pamoja. Katika miezi iliyofuata walikula, kuogelea na kulala bega kwa bega. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto wa kiboko hutegemea mwili wa mama yake kama kinga, na kwamba umbo la mviringo na rangi ya kijivu ya kobe vilimkumbusha mama. Maelezo hayo yana mantiki, ila yanaueleza upande wa mtoto tu. Hayasemi kwa nini mnyama aliyezoea upweke kwa zaidi ya karne nzima aliacha kukimbia.

Kamera na brashi

Picha za Greste zilisambaa magazetini duniani. Isabella Hatkoff, msichana wa miaka sita jijini New York, aliiona mojawapo pamoja na baba yake, Craig, na wawili hao wakaanza kuandika kisa hicho. Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa Haller Park, aliungana nao na kuleta maelezo ya mtu aliyekuwa karibu na tukio. Kazi yao ilianza kama kitabu cha kielektroniki mwaka 2005, kisha ikachapishwa na Scholastic mwaka 2006.

Hapa tabia ya chombo inajidhihirisha. Kitabu kinachotegemea picha za kamera kinaweza kuonyesha tu kile ambacho kamera ilikikuta. Picha zilizoujaza ulimwengu zilionyesha kiboko mdogo na kobe mkubwa, mama hakuwamo. Alikuwa ametoweka pamoja na kundi lake kabla dunia haijaanza kutazama. Kitabu kilichojengwa juu ya picha hizo kililazimika kuanza pale mama anapokosekana, na kuusimulia uhusiano wa wawili waliobaki. Neno lililofaa kwa uhusiano huo, katika kitabu kilichojitangaza kwenye anwani yake kuwa ni cha kweli, lilikuwa *urafiki*. Mwaka 2007 waandishi hao hao walitoa kitabu cha pili, *Owen & Mzee: The Language of Friendship*, na msimamo wao haukubadilika.

Mchoraji hafungwi na kamera. Winter na Butler waliweza kumchora mama kiboko akiwa hai na mtoto wake ubavuni, kabla ya wimbi. Huo ndio uhuru uliobadilisha aina ya kisa. Msomaji mdogo anayemwona mama katika kurasa za mwanzo hataridhika na rafiki katika kurasa za mwisho. Atadai mama mwingine. *Mama* ya Winter, iliyotolewa na Harcourt mwaka 2006, inakwenda mbali zaidi kwa kuwa ina maneno machache mno. Karibu kila kitu kimeachiwa rangi, na neno linalobeba uzito wote ni lile la kwenye jalada. Kitabu cha Bauer, kilichotolewa na Simon & Schuster mwaka 2007, kina maandishi mengi zaidi, na anwani yake inaliweka jibu wazi kabla msomaji hajafungua ukurasa.

Wahakiki wa fasihi ya watoto hutofautisha kitabu cha picha na kitabu chenye picha. Katika kitabu chenye picha, michoro hupamba maandishi ambayo yangeweza kusimama yenyewe. Katika kitabu cha picha, maandishi na michoro hugawana kazi ya kusimulia, na pengine hupingana. Kwa kipimo hicho, kazi ya Winter ndiyo kitabu cha picha kamili zaidi kati ya vitatu, na ndiyo inayomkaribia mtoto asiyejua kusoma. Mtoto huyo anaweza kuifuata huzuni yake mwenyewe bila msaada wa mtu mzima. Hilo ni jambo kubwa, na wanaopima ubora wa vitabu vya watoto kwa wingi wa msamiati wangefaa kulitafakari.

Mzee ni mama wa namna gani

Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua jinsia ya mhusika kila anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Mzee alikuwa dume, na kumwita mama katika lugha hiyo ni kuzua kitendawili kidogo: kiwakilishi cha kiume kinavutana na nomino ya kike. Kwa mtoto wa Marekani mvutano huo ndio mzaha na ndio fundisho, kwamba mlezi anaweza kuwa yeyote.

Kiswahili hakina mvutano huo. Kiambishi *a-* kinamtosha kiboko, kobe, mama, baba na mlinzi wa hifadhi. Kisa chote cha Owen kinaweza kusimuliwa kwa Kiswahili kutoka wimbi hadi usingizi bila msomaji kuambiwa kama kobe ni dume au jike, mpaka msimulizi atakapoamua mwenyewe kutamka *mama* au *baba*. Neno *mzee* lenyewe, ijapokuwa katika matumizi ya kila siku huelekea upande wa mwanamume, kwa asili linataja umri na heshima. Kwa hiyo kile ambacho waandishi wa Kiingereza walilazimika kukifanyia kazi, msimulizi wa Kiswahili angekipata bure. Na kile walichokipata bure, yaani mshangao wa dume kuitwa mama, msimulizi wa Kiswahili angelazimika kukitafuta.

Wala dhana ya mama wa kiume si ngeni katika familia ya lugha za Kibantu. Katika Kizulu, Kixhosa na lugha jirani zao, kaka wa mama huitwa kwa jina la asili ya *malume*, ambalo muundo wake ni mama-mwanamume. Mjomba ni mama kwa sababu ametoka tumbo moja na mama. Kiswahili nacho kina *mama mkubwa* na *mama mdogo*, na mtoto aliyefiwa na mama yake mara nyingi hukabidhiwa mmoja wao na kuendelea kusema *mama* bila kulibadilisha neno. Umama, kwa mtazamo huu, una ngazi na una warithi. Methali isemayo kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, inakubaliana nao, ingawa ni vyema kukiri kwamba methali hiyo hutumiwa mara nyingi kuwakemea wazazi kuliko kuwasifu walezi.

Ikiwa hivyo ndivyo, kisa cha Bamburi kinachosomwa Marekani kama jambo la ajabu kingeweza kusomwa Afrika Mashariki kama jambo la kawaida lililotokea kwa wanyama wasio wa kawaida. Tofauti hii ya usomaji haionekani kwenye kitabu chochote kati ya vitatu. Isingeweza kuonekana, kwa kuwa hakuna kati yao kilichoandikwa kwa kumwazia msomaji wa Kiswahili kwanza.

Anwani na wosia

Pwani ile ile ilikwisha kutoa, karibu karne moja na nusu kabla ya tsunami, kazi kubwa ya fasihi inayomhusu mama na mwanawe. Mwana Kupona binti Msham, aliyeishi Siu katika kisiwa cha Pate na aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, aliandika utendi wake mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa na alijua kwamba muda wake ni mfupi. Alifariki mnamo mwaka 1860. Beti zipatazo mia moja alizoziacha ni wosia wa mama anayejua kwamba hatakuwapo kumwona mwanawe akikua.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa anwani iliyouelekeza kwenye wajibu wa mke kwa mumewe: *The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty*. Wosia unao kweli sehemu ndefu inayohusu mume. Lakini mzungumzaji ni mama, mzungumziwa ni binti, na kinachoufanya usemwe ni kifo kinachokaribia. Anwani ya 1934 iliuweka mkazo kwa mume, na mijadala mingi iliyofuata, ya kuusifu na ya kuulaumu, imepita katika mlango uliofunguliwa na anwani hiyo.

Mfano huu umeletwa hapa kwa sababu unaonyesha kitu kile kile kilichotokea 2006 na 2007 kwa mwelekeo wa kinyume. Kazi ya mama ilipewa anwani ya mke. Kisa cha kobe dume kikapewa anwani ya mama. Mara zote mbili chanzo kilikuwa pwani ya Waswahili, na mara zote mbili aliyechagua anwani ya kitabu alikuwa mbali na pwani hiyo. Haitoshi kulaumu. Werner alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa Kiswahili wa wakati wake, na Winter na Bauer walifanya kazi ya usanii waliyokuwa na haki ya kuifanya. Pia si kweli kwamba wenyeji hawakuwamo kabisa: Kahumbu ni mwandishi mwenza wa kitabu kimoja, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya kitabu hicho kuwa makini zaidi kuhusu kilichotokea. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini hapakuwapo na anwani ya nne, ya Kiswahili, ya kushindana na hizo tatu.

Kitabu kinapomtafuta msomaji wake

Jibu haliko katika uhaba wa waandishi. Shirika la Uchapishaji la Afrika Mashariki lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948 lilichapisha vitabu vingi vya Kiswahili, lakini mkazo wake ulikuwa shule na wasomaji wapya watu wazima. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa msaada kutoka Kanada, ukiwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Ulithibitisha kwamba mnunuzi wa uhakika akiwapo, vitabu hutoka. Nchini Rwanda, Éditions Bakame lilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, likachapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda katika nchi ambayo watoto wengi mno walikuwa wamepoteza mama zao. Kwa watoto hao, kitabu cha picha kuhusu mama aliyepotea na mlezi asiyetarajiwa kisingekuwa burudani ya kulalia. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook umetoa hadithi zenye michoro katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayoruhusu kuzitafsiri na kuzinakili.

Kikwazo kikubwa ni rangi. Kitabu cha picha huchapwa kwa rangi nne, kwenye karatasi nzito, na gharama yake kwa nakala hushuka tu idadi ya nakala inapokuwa kubwa. Soko la nchi moja halifikii idadi hiyo kwa urahisi, hasa pale kodi inapoongezwa: Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka asilimia 16 kwenye vitabu. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani hulikwepa tatizo hili kwa uchapaji wa pamoja. Michoro huchapwa mara moja kwa wingi katika rangi tatu zisizobadilika, na sahani ya wino mweusi, yenye maandishi, hubadilishwa kwa kila lugha. Toleo la lugha ndogo hupanda, kwa kusema hivyo, mgongoni mwa lugha kubwa.

Utaratibu huo unawezekana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Michoro ya kitabu kimoja inaweza kuchapwa mara moja kwa maandishi ya Kiswahili kwa Kenya na Tanzania, na sahani nyingine za Kinyarwanda, Kirundi na Luganda. Au kwa Kiswahili na lugha ya nyumbani kwenye ukurasa mmoja, jambo ambalo lingefaa zaidi Uganda na Rwanda, ambako Kiswahili kimepewa hadhi rasmi bila mtoto wa miaka mitano kuwa na kitabu cha kukipendea. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ndiyo chombo cha kikanda kinachofaa kuuratibu mpango wa namna hiyo. Gharama ya kuanzia ingekuwa ndogo kuliko ile ya kamusi moja kubwa ya istilahi, na wasomaji wake wangekuwa wengi zaidi. Kauli hii huenda isiwafurahishe wanaleksikografia.

Kuhusu kisa cha Owen, yako mambo ambayo toleo la Kiswahili lingeweza kuyafanya na ambayo matoleo ya Kiingereza hayakuyafanya. Lingeweza kuutaja mto kwa majina yake yote matatu. Lingeweza kuwapa sura wavuvi walioshika nyavu, na mivinje, na majongoo. Lingeweza pia kuendelea hadi pale ambapo vitabu viwili vya umama vinasita kufika: Owen alikua, uzito wake ukaanza kuwa hatari kwa kobe, na baadaye akahamishwa kukaa na kiboko jike aliyeitwa Cleo. Mlezi alimwacha mtoto aende kwa wa jinsi yake. Sehemu hiyo ya ulezi watoto wa pwani wanaifahamu, kwa kuwa wengi wao hulelewa kwa muda nyumbani kwa bibi au mama mdogo kisha hurudishwa.

Mtafsiri atakayejaribu atakutana na ugumu kwenye jalada. *A Mama for Owen* ikigeuzwa kuwa *Mama wa Owen*, maneno hayo kwa Kiswahili yatamtaja yule aliyebaki Sabaki, ambaye kitabu kinasimulia kupotea kwake. *Mlezi wa Owen* itakuwa sahihi na itakuwa baridi. *Mama Mwingine* itamrudisha msomaji kwa mama wa kambo wa ngano, ambaye sifa zake zinajulikana. *Mama Mzee* itasomwa kama ajuza. Kila pendekezo linamchagua mmoja kati ya viumbe wawili, wa mtoni au wa machimboni, na Kiswahili hakitoi neno moja fupi la kuwashika wote wawili.